Blanketi lililorudi baada ya kufuliwa: kisa cha kiroba cha nyuzi Njombe

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hakuna anayemtoa mtoto mchanga nje asubuhi bila kumfunika sawasawa. Kwenye baridi ya namna hiyo kazi ya masweta haikosi wateja. Kila shule ina rangi yake, na kila oda ikiisha kuna uzi unaosalia: koni yenye gramu chache za damu ya mzee, nyingine ya bluu iliyoiva, nyingine ya kijani. Hautoshi sweta, na kuutupa kunauma. Unaishia kwenye kiroba.

Kisa hiki ni cha kiroba kimoja. Mwenyewe ni mama anayefuma masweta ya shule kwa mashine, na kroshia aliijua tangu usichana wake, wakati kila nyumba ilitaka vitambaa vya kufunika makochi. Binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza, mama aliamua kumfumia mjukuu blanketi la rangi nyingi kwa nyuzi alizonazo ndani. Kiroba hakikuwa na nyuzi za shule tu. Kulikuwa na madonge ya pamba ya zile enzi za vitambaa, na nyuzi za sweta la mtumba alilolifumua mwenyewe kwa sababu rangi yake ya maziwa ilimvutia. Blanketi lilipokamilika kila aliyeliona alilisifia. Likafuliwa mara moja, likarudi.

"Mama, sijui nimekosea wapi," binti alimwambia. "Nimelifua kama ninavyofua nguo zote za mtoto."

Binti hakukosea. Alitumia maji ya moto kiasi, sabuni ya unga, akasugua, akakamua, akaanika juani, kisha akapitisha pasi ya mkaa. Ndivyo nguo za mtoto zinavyofuliwa, na aliyejifungua juzi hana muda wa kulibembeleza blanketi. Ndiyo maana nasema blanketi la mtoto linahukumiwa kwenye beseni. Uzuri wake siku ya kukabidhiwa ni jambo dogo. Ukifuma kwa mabaki, swali la kwanza ni kila uzi utafanya nini ukilowa, na rangi inakuja mwisho kabisa. Mama huyu alianza na rangi, kama wengi tunavyovutwa kuanza nayo, na kila kasoro niliyoiona kwenye blanketi lile ilitokana na hapo.

Lilipofika kwangu nililitandaza mezani nikalipima. Lilikuwa la mistari, limefumwa kwa kwenda na kurudi. Juu lilikuwa na upana wa sentimita 81. Katikati, penye mistari minne ya rangi ya maziwa, upana ulishuka hadi 64, na chini yake likafunguka tena na kufanya mawimbi pembeni. Mistari ile ya maziwa ilikuwa imekakamaa, vitanzi vimebanana hata huvioni. Karibu na pembe moja palikuwa na tundu la kupita vidole viwili, ncha mbili za uzi zikining'inia. Mstari mmoja mwekundu ulikuwa umechuja na kuigeuza pinki mistari myeupe ya jirani. Na upande uliopigwa pasi sana ulikuwa umelala, hauna tena ule mnyumbuko wa uzi mpya, ukiuvuta haurudi.

Tuanze na kiuno. Uzi wa maziwa ulikuwa sufu, manyoya halisi ya kondoo. Unyoya wa sufu una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa vikikutana, magamba hayo hushikana, nyuzi husogeleana, kitambaa hupungua na kuwa kizito. Hakirudi tena, hata ukiloweka, hata ukivuta ukiwa watu wawili. Nyuzi za akriliki (uzi wa kiwandani, jamii ya plastiki) zilizokuwa juu na chini yake hazina magamba hayo, hivyo zilibaki na upana wake. Sufu ilipojikunja, ilizivuta majirani zake zikakunjamana.

Mawimbi ya pembeni hayakuletwa na maji. Yalikuwepo tangu mwanzo, ila blanketi jipya lilikuwa limekunjwa vizuri na hakuna aliyeyaona. Mama alihesabu nguzo (kile kitanzi kirefu unachozungushia uzi mara moja kabla ya kuchoma sindano) na idadi ilikuwa ileile toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini nguzo ya uzi mnene inajaza nafasi kubwa kuliko nguzo ya uzi mwembamba. Idadi moja, upana tofauti. Kwenye kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa uzi wa aina moja hesabu hiyo inatosha. Kwenye mabaki haitoshi.

Tundu la pembeni lilinisumbua zaidi ya yote. Uzi ulipokwisha katikati ya mstari, mama aliufunga fundo na uzi mwingine, akakata ncha karibu kabisa na fundo, akaendelea. Akriliki inateleza, na fundo la kawaida kwenye uzi unaoteleza hulegea kidogo kidogo kila kitu kinapovutwa. Beseni likamalizia. Nilipoligeuza upande wa chini nikakuta mafundo mengine mengi ya namna hiyo, na sehemu mbili ambako uzi ulikuwa umefanya kitanzi kirefu kilicholegea.

Hapo nilimwomba mama aje aone kwa macho yake, maana hili linahusu mwili wa mtoto. Uzi uliolegea, hata unywele wa mama yake, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto mchanga na kukaza hadi damu isipite. Mtoto hawezi kusema. Analia tu, na watu wanadhani ni tumbo. Kidole huvimba, hubadilika rangi, na uzi uliozama kwenye ngozi hauonekani kwa urahisi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kwa sababu hiyo blanketi la mchanga nalitaka lifumwe kwa kubana, upande wa chini uwe msafi kama wa juu, na lisiwe na vishada, vifungo wala maua ya kubandika. Pambo linalopendeza kwenye picha likinyonywa na mtoto linang'oka.

Na kwa kuwa tunazungumzia usalama, kuna jambo ambalo kila bibi anapaswa kuambiwa pamoja na zawadi. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto aliye chini ya miezi 12 asilazwe na blanketi lililolegea karibu na uso wake. Blanketi la kroshia ni la kumfunikia akiwa mgongoni au mapajani, la kumtandikia acheze mchana, huku mtu mzima akimwona. Mama alikubali hilo kwa moyo mzuri. Alisema yeye mwenyewe alikusudia la mgongoni.

Blanketi la kwanza tulilifumua sehemu zilizofumulika. Mistari ya sufu haikufumulika, tukaikata. Kisha kiroba chote kikamwagwa sakafuni.

Kutambua uzi usio na lebo si kazi ngumu, ila inataka sinia la bati, kibiriti, na watoto wawe mbali. Unakata kipande cha kidole kimoja, unakishika kwa koleo, unakiwasha. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima, na jivu lake linasagika. Pamba inawaka haraka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki inawaka kwa moshi mweusi huku ikiyeyuka, na ikipoa inaacha kishanga kigumu cheusi kisichosagika. Nyuzi za shule zote zilikuwa akriliki. Nyeupe moja iliyodhaniwa akriliki ilikuwa pamba. Donge moja la waridi lilifanya mambo mawili kwa pamoja, linanuka nywele na linaacha kishanga, yaani lilichanganywa kiwandani. Tuliliweka pembeni na sufu, kwa kuwa sijui lingefanya nini kwenye maji ya moto na sikutaka tujue kupitia mtoto.

Mama alisita kuiacha sufu. Hoja yake ilikuwa na uzito: hakuna uzi wenye joto kama huo, na Njombe inahitaji joto. Nilimwambia kweli tupu kwamba sufu ni bora kuliko akriliki kwa joto, lakini blanketi lenye sufu na akriliki litapungua nusu na nusu litabaki, na binti ataendelea kufua kama anavyofua. Sufu tukaipangia soksi za babu, ambazo mama angezifua mwenyewe kwa maji baridi. Pamba ikaenda kwenye vitambaa vya kumwogeshea mtoto. Inanyonya maji vizuri na inavumilia maji ya moto. Ule uzi mwekundu uliochuja tuliufua peke yake. Watu hushauri kuloweka kwenye chumvi au siki, lakini uzi uliokwisha kutiwa rangi kiwandani haushikizwi rangi kwa chumvi ya jikoni. Unajaribu hivi: lowesha kipande kwa maji ya moto, kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Kitambaa kikipata rangi, uzi huo hauketi jirani na cheupe.

Zikabaki akriliki peke yake, nazo zina unene tofauti. Uzi wa koni ya mashine ni mwembamba sana kwa kroshia, hivyo unashikwa nyuzi mbili au tatu pamoja. Mbili au tatu? Kuna jaribio ninalolipenda kuliko rula. Kunja uzi wa koni na kunja ule uzi mnene unaotaka ulingane nao, vipitishe kimoja ndani ya kingine kama pete mbili za mnyororo, kisha zungusha kila upande mpaka visokotane. Funga macho, pitisha kidole gumba toka upande mmoja hadi wa pili. Ukihisi ngazi pale vinapokutana, unene haulingani. Kwa nyuzi mbili za koni ngazi ilikuwepo. Kwa tatu, kidole cha mama kilipita bila kusita, akacheka na kurudia tena na tena kwa rangi nyingine.

Uzi wa koni pia hutoka kiwandani na mafuta au nta kidogo ili uteleze kwenye mashine. Ukiufuma hivyohivyo, blanketi linanuka na linashika vumbi, na likishafuliwa uzi unatutumka na kipimo kinabadilika. Tuliuzungushia kwenye mgongo wa kiti ukawa mashada, tukafunga kila shada sehemu nne, tukafua kwa sabuni na kuanika. Uzi uliofumuliwa unahitaji hivyo pia ili ule mkunjokunjo wake unyooke.

(Kwa mnaofumua masweta ya mtumba: angalieni mshono wa ubavuni kabla ya kununua. Sweta ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake linakupa uzi mrefu usiokatika. Lililokatwa kwa mkasi kwenye kitambaa na kupigwa ovaloki litakupa vipande vifupi vya upana wa kifua tu, mstari mmoja mmoja, na hasira.)

Sasa umbo. Mistari mirefu inataka uzi wa kutosha upana mzima, na mabaki hayana urefu huo. Ndiyo maana mafundo yalijaa katikati. Nilipendekeza miraba. Ni njia ya zamani ya watu wasiotaka kutupa uzi. Jarida la Prairie Farmer la Marekani lilichapisha maelekezo ya mraba wa aina hiyo mwaka 1885. Mraba ule wa kawaida una matundu makubwa makundi kwa makundi, na kwa vidole vya mchanga sikuyataka. Tukachukua mraba uliofumwa nguzo kwa nguzo bila kuacha nafasi, isipokuwa katundu kadogo kwenye kila pembe. Sindano ya milimita 4, mizunguko 5.

Hesabu ya mraba huo ndiyo iliyoamua rangi. Mzunguko wa kwanza una nguzo 12, wa pili 28, wa tatu 44, wa nne 60, wa tano 76. Jumla 220. Mizunguko miwili ya kwanza ina nguzo 40 tu, chini ya moja ya tano ya uzi wote. Wa tatu na wa nne kwa pamoja wana 104, karibu nusu. Wa mwisho peke yake una zaidi ya theluthi. Mraba mmoja wa majaribio ulikuwa na sentimita 13 na uzito wa kama gramu 7 kwenye mizani ndogo ya jikoni, maana yake kitovu chake, ile mizunguko miwili ya kwanza, kinakula gramu moja na kidogo.

Mama alitazama kiroba na kukielewa upya. Rangi zake kali, njano, chungwa, samawati, pinki, zilikuwa vidonge vidogo vya gramu 3, gramu 5. Rangi za shule zilikuwa nyingi. Kwa hiyo vidonge vikaenda kitovuni, kila kimoja kikitoa vitovu viwili, vitatu. Damu ya mzee, bluu iliyoiva na kijani zikaenda mzunguko wa tatu na wa nne. Wa tano ukawa kijivu kwenye miraba yote. Hofu yangu ilikuwa rangi za shule zingelifanya blanketi lifanane na paredi ya asubuhi, lakini ilikuwa kinyume. Njano ikizungukwa na bluu iliyoiva inawaka kuliko ikikaa na pinki na chungwa, na kijivu cha pembeni kinaipa kila rangi nafasi yake. Kanuni pekee tuliyoifuata katika kupanga ni kwamba vitovu vya rangi moja visigusane, na damu ya mzee isirundikane upande mmoja. Tuliipanga miraba 36 kitandani, sita kwa sita, tukaiacha usiku kucha, na asubuhi mama akabadilisha michache kwa jicho lake.

Kijivu ndicho kitu kimoja ambacho hakikupaswa kuwa cha kubahatisha. Miraba 36 inahitaji kama gramu 90 kwa mzunguko wa mwisho, na ukiongeza kuunganisha na ukingo weka akiba ya gramu 150 kutoka koni moja. Kijivu cha koni mbili tofauti, hata kama jina ni moja, hakilingani kikiwekwa mwangani.

Kazi ya ncha watu huidharau. Rangi tatu kwa mraba ni ncha 6, mara miraba 36 ni ncha 216. Kila ncha iachwe sentimita 15. Ile ya kuanzia rangi mpya ilazwe juu ya mzunguko wa chini na kufumiwa ndani kwa nguzo saba au nane. Ile ya kumalizia inapitishwa kwa sindano ya kuungia masweta ndani ya nguzo kwenda upande mmoja, inaruka uzi mmoja, inarudi, kisha inakwenda tena. Mara tatu, kwa sababu akriliki inateleza. Vuta kitambaa pande zote, ndipo ukate. Na ifanyike kila mraba unapokwisha. Ukiziacha zote hadi mwisho, utachoka kwenye ya sitini na kuanza kufunga mafundo.

Kuunganisha tulishona kwa vitanzi vya nyuma ili mshono ulale bapa, usimkwaruze mtoto. Ukingo ukawa mizunguko miwili ya vitanzi vifupi, bila mapambo. Lilipokamilika lilikuwa na sentimita 81 kila upande na uzito usiofika gramu 320.

Kabla ya kulikabidhi lilifuliwa mara mbili, na nilisisitiza afue binti mwenyewe, kwa beseni lake na sabuni yake, bila kuambiwa chochote. Upana ulibaki vilevile, na hakuna ncha iliyotoka. Pasi tu ndiyo tuliyomkataza. Joto la pasi ya mkaa halipimiki, na akriliki ikishalala hainyanyuki tena. Likianikwa kwenye kamba juani linanyooka lenyewe likiwa bado bichi.

Majirani wameshaanza kuuliza bei, na hapo mama ameniletea swali gumu zaidi ya yote. Wanataka "kama lile lile". Vidonge vya njano vimekwisha, na kiroba kijacho kitakuja na rangi zake. Tulikubaliana amwahidi mteja ukubwa, kijivu cha nje na uzi usiopungua, na rangi za kitovuni amwonyeshe mteja zikiwa kwenye kikapu kabla ya kupokea malipo ya awali. Kuhusu bei, wateja wanasema uzi ni mabaki hivyo iwe nafuu. Uzi ni sehemu ndogo. Kinacholipiwa ni kuchoma na kunusa, kufua mashada, na zile ncha 216, na mama sasa anaandika saa zake kwenye daftari la oda za shule ili ajue ataje kiasi gani.